Mabati ya Silinda ya Tatu

Chaani, Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Kadzo,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa, nami najua kichwa chako hakimalizwi kabla ya saa kumi. Mamako yuko jikoni na pilau ya wageni, anagonga sufuria kwa mwiko zaidi kuliko inavyohitajika, ili nisikie kwamba yeye anafanya kazi na mimi nimekaa. Wacha agonge. Nimechukua daftari lako la zamani la hesabu, nimechomoa karatasi za katikati zisizoandikwa, na nimeketi hapa uani karibu na gari. Nataka kukuandikia jambo moja kabla hujaondoka kesho. Nilikukosea, mwanangu, na umeishi na kosa langu miaka minne kana kwamba ni lako.

Habari za blanketi, dawa ya mbu, pesa uziweke wapi, mkoba usiuweke chini ya kiti, hayo yote mamako ameshakwambia. Jioni atakwambia tena, na kesho atakwambia dirishani basi likiwa linaondoka. Mimi sina la kuongeza. Kakamega siijui. Nasikia kuna baridi na mvua kila alasiri. Ukifika wewe ndiwe utakayetuambia.

Mimi nataka kusema habari za Kobe. Najua, ukilisoma jina hilo utavuta mdomo kama mamako. Vumilia kidogo.

Babu yako alilinunua gari lile akiwa karani, kijana bado, na hata siku hiyo halikuwa jipya. Gari la mgongo wa mviringo, injini nyuma, na injini yenyewe haina maji wala rejeta, yapozwa kwa upepo wa feni tu. Watu wa Rabai wakaliita Kobe, na jina likaganda. Babu alipofariki, Kobe akabaki chini ya banda nyumbani kwa mamangu, Hawe wako, nyanya yako uliyepewa jina lake, miaka na miaka, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja na mizani zao zaidi ya mara moja. Hawe akawa anawaambia, "Mwenye gari hajasema liuzwe." Mwenye gari alikuwa kaburini, hatua ishirini kutoka pale, nao wakabeba mizani zao wakaenda.

Kisha ulipokuwa kidato cha pili, siku ya Krismasi, Hawe alinishika mkono akaniambia, "Wewe si fundi? Lichukue ulitengeneze. Nataka nipelekwe kanisani nalo, kabla hamjanipeleka kwa jeneza."

Fundi. Neno hilo hunipanda kichwani upesi, wajua. Miaka ishirini na mitatu nimetengeneza fokolifti za kunyanyulia mizigo na magari ya kuvuta makontena. Dizeli hainisumbui. Nifunge macho, washa injini, nami nitakwambia kwa mlio tu ni beringi gani imekwisha. Basi nikakitazama kile kijiinjini cha silinda nne, kidogo hata mtu na mwenzake wanakibeba, nikaona ni mchezo wa likizo moja. Sikuwahi kufungua injini ya upepo hata moja maishani mwangu, na hilo sikumwambia mtu yeyote.

Ulipoomba tufanye kazi pamoja nilikubali kwa sababu nilitaka mtu wa kunishikia tochi. Haki ya Mungu, hiyo ndiyo kazi niliyokuwekea. Wiki haikuisha, tochi nimeshika mimi. Tuliishusha ile injini kwa jeki na vipande vya mbao, boliti nne tu, nikacheka. Tukaipasua katikati kama nazi, nusu huku, nusu kule, na ndani mlikuwa na tope la oili lililokauka na yai moja, sijui lilifikaje. Ulipiga kelele majirani wakaja. Unakumbuka mamako alipokuta ringi za pistoni zinaoshwa kwa petroli ndani ya sufuria yake ya wali? Wiki nzima tulikula kwa kununiwa.

Kile kitabu cha gari tulikikuta kwenye kijidroo cha mbele, kimeliwa na mende pembeni, kwa Kiingereza cha kizamani. Wewe ndiwe uliyekisoma. Jioni ulikuwa ukikaa pale kwenye ngazi, ukurasa kwa ukurasa, unanitafsiria, na mimi najifanya nayajua tayari. "Ndiyo, ndiyo, endelea." Mara nyingi sikuwa nayajua. Sijui kama ulitambua.

Na kazi ya valvu. Hapo nataka niseme vizuri, kwa sababu hapo ndipo kwenye ubaya wangu. Kila valvu yatakiwa iachiwe nafasi ndogo sana, na nafasi hiyo hupimwa kwa vile vibamba vyembamba vya chuma, asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Vidole vyangu ni vya fokolifti. Nilikuwa nasukuma kibamba, sijui kimebana au kimelegea. Wewe ulikuwa unafumba macho. "Hiki kinapita bure, Baba. Hiki kinakwaruza kidogo. Ndicho." Valvu nane, moja moja, kisha ukazirudia zote tangu mwanzo bila kuambiwa. Nilikutazama nikasema moyoni, huyu atanipita. Nilifurahi, na tena kidogo nilichukia. Nakwambia yote mawili kwa sababu yote mawili yalikuwapo.

Sasa, mabati. Injini ile ilikuja imevishwa vipande vya mabati, juu, chini, ubavuni, na ukanda wa mpira ukizunguka pembeni. Chumvi ya huku ilikuwa imeyala, mengine yametoboka. Nikayatupa kando. Wewe ukaja na kitabu mkononi. "Baba, kimeandika mabati yote yarudi mahali pake."

Nikakwambia, "Kitabu kiliandikwa Ulaya, kwa watu wa theluji. Huku ni Mombasa."

Nilikuwa nasema kile kila fundi wa huku anachokisema. Gari likifika kwetu kutoka nje, kitu cha kwanza tunang'oa themostati, kile kidhibiti joto, tunatupa, ya nini na joto hili? Tunafungua, tunapunguza, tunaacha wazi. Nyumba zetu ni hivyohivyo, madirisha wazi, mlango wazi, upepo uingie. Injini ya kupozwa kwa upepo, si ikiwa uchi ndiyo itapoa zaidi? Mtoto mdogo ataona hivyo. Wewe hukuona hivyo. Ulirudi mara ya pili na picha, ukanionyesha mishale inayoonyesha upepo unavyopita. Nikasema, "Kadzo, nani fundi hapa?" Ukafunga kitabu, ukasema, "Wewe, Baba." Mabati nikamuuzia mtu wa mkokoteni wa vyuma, na pesa zile tukanunulia mahamri.

Nawe wajua siku Kobe alipowaka. Mara ya tatu, moshi mweusi, kisha ule mlio wake wa kupigapiga kama charahani kubwa. Mamako alitoka na mikono ya unga akapiga vigelegele, mkali yule! Tulizunguka Chaani yote, tukaenda Magongo tukarudi, watoto wakikimbia nyuma. Kila aliyeuliza nilimwambia, "Nimeitengeneza." Sikusema tumeitengeneza. Lilikuwa jambo dogo, lakini hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Jumapili iliyofuata tukaanza safari ya Rabai kumchukua Hawe aende kanisani. Mpaka Miritini hakukuwa na neno. Tulipoanza kupanda kuelekea Mazeras nikasikia nguvu inapungua, nikakanyaga zaidi. Wewe ulisema, "Baba, kunanuka." Nikasema ni lori la mbele. Lori la mbele! Kisha sauti moja kavu, na kimya, na Kobe akaanza kurudi nyuma nimeshika breki.

Tulifika kwa Hawe tumefungwa kamba nyuma ya pikapu ya Baba Mkubwa wako Chengo. Ukoo wote umekaa uani, Hawe amevaa kitenge chake kipya na viatu, mkoba mapajani, amengoja tangu alfajiri. Chengo akashuka anacheka, wajua anavyocheka kaka yangu, mpaka jirani wa tatu ajue kuna jambo. "Fundi wa makontena! Kobe kamshinda!" Wote wakaangua kicheko. Hata padre mdogo aliyekuja kunywa chai alicheka.

Nami nikasema, "Kazi yangu mimi ilikuwa sawa. Valvu alizipima huyu." Nikakuonyesha kwa kidevu.

Sikujua kama valvu ndizo zilizoharibika. Hata injini sikuwa nimeigusa, ilikuwa bado moto. Nilitaka tu kile kicheko kihame. Kikahama. Kikaisha kabisa, kwa kweli, watu wakaanza kutazama chini, na Hawe akatazama mikono yako. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulikwenda kwenye pipa la maji ukanawa mikono, ukanawa, ukanawa, mpaka nikaona haya nikageukia upande mwingine.

Wiki mbili baadaye ulikuwa shule. Nikaifungua injini peke yangu. Valvu zote nane zilikuwa salama. Nilizipima kwa vibamba vyako, nikaita na fundi mwenzangu mwenye vidole vyepesi akazipima, akaniuliza, "Nani kafanya kazi nzuri hivi?" Nikatoa pistoni. Ya tatu ilikuwa imeungua ubavu mmoja, imekwaruzika, imeshikana na ukuta wa silinda. Ubavu ule ndio uliokuwa na bati nililolitupa. Mwanangu, upepo wa feni haukuwa unapita kwenye chuma kilicho moto. Ulikuwa unatoka ovyo kwenye nafasi nilizoziacha wazi, na joto la chini, la ekzosi, bomba la moshi, linapanda linavutwa tena na feni. Silinda ya tatu imekaa pabaya kuliko zote, basi ikaungua ya kwanza. Kitabu kilikuwa kimesema. Wewe ulikuwa umesema, mara mbili.

Niliiweka pistoni ile ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, nikaufunga, nikaupandisha juu ya dari.

Utaniuliza kwa nini sikusema siku ile ile. Nimejiuliza mimi pia. Siku ya kwanza niliogopa. Siku ya pili nikasema nitakwambia ukifunga shule. Ulipofunga shule ulikuwa umechangamka, nikasema kwa nini nimkumbushe. Baada ya hapo sikuwa tena naficha kosa la injini, nilikuwa naficha kule kuficha. Mamako alijua. Nilimwambia mwaka wa kwanza. Alinitazama akasema, "Unaniambia mimi ya nini? Mimi ndimi uliyenisingizia?" Akageukia ukutani akalala.

Na nikwambie kilichonitia uchungu zaidi. Nilipokuwa kijana, sijaoa bado, msimamizi wetu alinisingizia breki ya fokolifti ambayo sikuigusa hata kwa kidole. Aliyeigusa ni yeye. Nilisimamishwa kazi wiki tatu. Nilimchukia mtu yule, nikaapa nikiwa na mtu chini yangu sitamfanyia hivyo. Miaka yote nilijiona nimekitimiza kiapo kile. Kule kazini nilikitimiza kweli. Nikaja kukivunja kwa mwanangu, mbele ya mamangu, kwa sababu kaka yangu kanicheka.

Injini niliirudia. Mara hii nilikisoma kitabu mwenyewe, na kamusi yako pembeni, neno kwa neno, ilinichukua karibu mwaka. Mabati mapya alinikatia fundi wa masanduku ya shule hapo Changamwe, kwa kufuata picha. Na katika ukurasa ule wa mabati nikakuta maandishi yako ya penseli, madogo, pembeni: "Yote yarudi. Muulize Baba tena." Lo! Nilikiweka kitabu chini nikatoka nje. Sikuweza kushika kitu siku hiyo.

Ulipomaliza shule ukaitwa chuo cha ufundi, kozi ya mitambo. Barua uliishika wewe, ukacheka, ukasema, "Mimi na injini? Nitawaulia watu magari yao." Na mimi nilicheka. Ningeweza kuusema ukweli wakati ule, ulikuwa umesimama mbele yangu na barua mkononi, na mkebe uko juu ya vichwa vyetu. Nilicheka, nikauliza chai iko wapi. Ukakaa miaka miwili unauza kadi za simu na vifuniko vya simu pale stejini. Sasa unakwenda kusomea uuguzi. Uuguzi ni kazi ya heshima, siidharau hata chembe, na mgonjwa atakayeangukia mikono yako ana bahati. Lakini sijui kama unaipenda au kama ni mlango uliobaki wazi baada ya mimi kuufunga ule mwingine. Naogopa kukuuliza. Haya, nimeuliza.

Nilidhani barua hii itatosha. Nilikusudia niitie ndani ya begi lako, chini ya nguo, uisome ukishafika mbali. Sasa nimeisoma kutoka juu, naona ni ujanja uleule. Nilikuaibisha uani kwa watu, nije nikutakase kwa siri kwenye karatasi? Leo jioni ukoo wote unakuja kukuaga. Chengo anakuja. Wale wale waliokuwa pale Rabai, karibu wote. Nitasimama, nitasema. Jua limeshapungua. Mamako ameacha kugonga sufuria. Nadhani ananichungulia.

Nasikia sauti yako njiani. Naacha hapa.

Jumatatu asubuhi

Umekwenda kumuaga mwalimu wako wa kwaya. Basi ni saa tisa. Naendelea.

Ulikuwapo jana, huna haja ya kusimuliwa, lakini nataka ujue nilivyoona mimi. Nilingoja watu wamalize kula kwanza. Nilingoja sana, mpaka sahani zimeanza kuondolewa, mpaka mamako akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikainuka. Niliuleta mkebe, nikaufungua, pistoni nikaiweka mezani kati ya bakuli la kachumbari na chupa ya chai. Nikasema nilivyosema. Sikupanga maneno vizuri. Nilisema mabati, nikasema kitabu, nikasema valvu zake zilikuwa sawa zote nane na mimi nilijua, nikasema nilimsingizia mtoto wangu kwa sababu nilichekwa.

Chengo akasema, "Ebo! Miaka yote hii? Hayo si tulishasahau!" Akaanza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akanyamaza. Nadhani ni mara ya kwanza nimemwona akifanya hivyo.

Wewe uliinyanyua ile pistoni. Uliigeuza upande ulioungua, ukaupapasa kwa kidole gumba, umefumba macho kama zamani. Nilikuwa najiandaa kwa kilio, au kwa hasira, au kwamba ungenikumbatia watu wapige makofi. Nilijiandalia hata hilo, nakiri.

Ukasema, "Nilijua, Baba. Niliuona mkebe nilipopanda kutafuta sanduku la shule, nikaufungua." Hukupandisha sauti. Kisha ukasema, "Lakini Hawe hakujua."

Ukairudisha pistoni mezani, ukakusanya sahani zilizobaki, ukaenda jikoni.

Watu waliendelea kuongea baadaye, waliomba, walikupa zawadi zao. Mimi sikusikia tena neno lolote. Kwa sababu kuna jambo nililiruka jana katika barua hii. Nimesoma kurasa zote, nimeona jinsi nilivyopita kando yake. Niliandika injini niliirudia, nikapita moja kwa moja kwenye habari nyingine, kana kwamba Kobe alitengenezwa tu akakaa uani.

Kobe alikwenda Rabai, Kadzo. Mwaka juzi, Jumapili ya Pasaka, tulikwenda mimi na wewe, tukamchukua Hawe, tukampeleka kanisani kama alivyotaka. Alikaa mbele na kitenge kile kile. Alipapasa mlango njia nzima. Tulipokuwa tunakaribia kanisa akaniuliza, "Mara hii hukumwacha mtoto aguse?"

Nami nikasema, "Hapana, Mama. Nimefanya peke yangu."

Akasema, "Vizuri. Mikono ya babako hiyo." Nikasema asante.

Miezi saba baadaye tukamzika. Katika miezi ile saba nilikwenda Rabai kila mwisho wa mwezi, nikakaa naye, nikanywa uji wake, tukaongea habari za mvua na za mbuzi. Alipotaka uzi utungwe kwenye charahani yake alimwita binamu yako, wewe umekaa pale pale karibu, na mimi niliona, na nilimaliza uji wangu. Nilikuwa na nafasi nyingi kuliko mtu anavyostahili.

Nilikuwa nimekusudia kumaliza kwa mashauri. Nilikuwa nayo matatu, mazuri, nimeyafikiria wiki nzima nikiwa kazini. Nimeyafuta. Naona haya kukushauri. La Chengo na wale wengine nimelitengeneza, au nimejaribu. La Hawe sina pa kulipeleka. Nitakwenda kaburini kwake Jumamosi nitasema, nitasema kwa sauti, hata wapita njia wanione mwendawazimu, lakini mimi na wewe tunajua kwamba hatasikia. Alikwenda akiamini jina lake amepewa mtoto mwenye mikono mibovu. Alikupenda hivyo hivyo, hilo najua kwa hakika, lakini aliamini hivyo, na aliyemwaminisha ni mimi.

Sikuombi unisamehe leo. Utakuwa na safari ndefu, na chuo, na watu wapya, usijitwike na hili pia. Usinijibu kama huna la kunijibu. Nilitaka tu iwe imeandikwa, kwa mkono wangu, mahali unapoweza kuishika.

Siku ile ya Pasaka sikukutazama. Nilitazama barabara, nikanyoosha shingo kama dereva wa harusi. Lakini kile kioo kidogo cha katikati kilikuwa kimeelekea nyuma, na nilikuona, mwanangu. Ulikuwa umekaa kiti cha nyuma, mikono yako umeikalia. Ulisikia kila neno.

Mimi babako,
anayekupenda na aliyekukosea